Nyigu Nilioshindwa Kuwangoja

Kazi yangu ni kuhesabu wadudu. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nikawajibu hivyo, hudhani nafanya mzaha, nami huwaacha wadhani, kwa maana maelezo yake ni marefu na mimi si mtu wa kukaa. Mamangu husema hata tumboni mwake sikutulia, alilazimika kulala ameketi miezi mitatu ya mwisho. Nilisomea wadudu bara, nikarudi Mombasa, nikaajiriwa katika kituo cha utafiti kinachoshughulika na wadudu na mimea iliyotoka nchi za mbali ikaingia kwetu bila kualikwa. Mwaka ninaousimulia hapa, tulikuwa tukishughulika na kidung'ata wa mpapai.

Kidung'ata ni mdudu wa kiasi cha punje ya ufuta, mwili wake wa manjano, juu amejifunika unga mweupe kama nta. Mmoja hana neno, lakini hawakai mmoja. Hujipanga chini ya jani kufuata mishipa yake, wakapanda shinani, kwenye maua, kwenye tunda, mpaka mti wote ukaonekana kama uliomwagiwa unga wa ngano. Hufyonza utomvu, na kinachowatoka ni maji matamu yanayonata, ambayo juu yake huota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Sisimizi huja kuyanywa maji yale, na kwa vile wanayapenda, huwalinda wenye kuyatoa. Jani hujikunja, hukauka, huanguka. Papai hubaki dogo na gumu, na ukilishika vidole vinagandana.

Huko alikotoka mdudu huyu yupo pia nyigu mdogo sana, mdogo hata kuliko kidung'ata mwenyewe, ambaye hutaga yai lake ndani ya kidung'ata. Yai likianguliwa, kinachotoka humla kidung'ata kutoka ndani, akavimba, akakauka, akawa ganda la rangi ya kahawia. Kisha nyigu mpya hutoboa tundu la duara na kuruka zake. Kwetu nyigu huyo hakuwako. Wakubwa walimleta, wakamfungia vyumbani, wakamjaribu kuona kama atawadhuru wadudu wetu wengine, na walipohakikisha hawadhuru, ruhusa ikatoka ya kumwachilia mashambani na majumbani.

Mkubwa wangu alikuwa mtu wa milima ya Taita, mpole, anayezungumza kama anayesoma maandishi madogo. Alitueleza sharti moja: penye nyigu, dawa ya kuulia wadudu isiguswe kwa miezi. Kidung'ata ana nta ya kumkinga lakini nyigu hana kitu, na dawa ikipulizwa hutangulia kumuua yeye. "Tukishawaachilia," alisema, "kazi yetu ni kungoja na kuhesabu." Kuhesabu nilikuweza.

Kisiwani tulichagua sehemu tatu. Tudor, kwenye kiwanja cha mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa na mipapai tisa inayoteremka kuelekea maji. Kizingo, kwenye nyumba moja kubwa yenye ua wa hibiskasi, maana kidung'ata huyu hali mpapai peke yake. Na ya tatu ilikuwa nyumbani kwetu Mji wa Kale, mtaa wa Kibokoni, katika ua mdogo wa ndani ambamo mpapai mmoja ulikuwa umepanda mpaka dirisha la ghorofa ya kwanza. Mamangu akikaa dirishani aliweza kunyoosha mkono akagusa majani. Mimi ndiye niliyeutoa mti huo kwa utafiti. Nilimwambia mkubwa wangu itakuwa rahisi kuutazama kila siku, naye akakubali, ingawa alinitazama kidogo kabla ya kuandika.

Tuliwaachilia nyigu asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwa kali. Walikuja katika vichupa vya plastiki, kila kimoja kimepakwa mstari wa asali ndani ili wale njiani. Nilikifunga kichupa kwenye kikonyo cha jani, nikakifungua, nikaona kama vumbi linalotembea likitoka. Mamangu aliuliza wako wapi hao nyigu. Nikamwambia ndio hao wanaotoka. Akasema yeye haoni kitu, na hata angekuwa na macho asingeona.

Macho ndiyo yaliyokuwa habari ya nyumba yetu wakati ule. Alikuwa ametoka kupasuliwa mtoto wa jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa limekwisha kufifia miaka mingi. Daktari alimkataza kuinama, moshi na vumbi, akamwambia angoje wiki sita jicho litulie ndipo apimiwe miwani. Kwa hiyo mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akishona kofia kwa tundu ndogo kama macho ya sindano alikaa dirishani mikono mapajani, mbele ya mti alioujua kwa harufu na kwa kivuli. Alitaka kuuosha kwa maji ya sabuni, nikamkataza. Alitaka kuumwagia jivu, nikamkataza. Nilimwambia ni utafiti. Basi akabakiwa na swali moja, akaniuliza kila asubuhi nikitoka na kila jioni nikirudi.

"Wamepungua?"

Wiki ya kwanza nilimjibu kweli: bado. Naye alivuta pumzi, akageuza uso upande wa ukuta. Wiki ya pili vidung'ata walikuwa wameshuka kwenye shina lote, na papai mbili kubwa zilizokuwa za kwanza kuiva zilikuwa na ukanda mweupe kwenye kikonyo. Mkubwa wangu alisema ni kawaida, wiki za mwanzo huwa hivyo, nyigu wako ndani wanakua. Nilijua ni kawaida. Jioni ile mamangu aliponiuliza, alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili, nami nikasikia ulimi wangu ukisema, "Wamepungua kidogo."

Alitabasamu. Siku ya pili yake nikasema wamepungua zaidi. Baada ya hapo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma, kwa sababu wadudu waliopungua jana hawawezi kuwa wengi leo bila mtu kuuliza maswali.

Siku zile sikuweza kukaa mahali. Nilikwenda Feri asubuhi kuwauliza wachuuzi mapapai yao yanatoka shamba gani ng'ambo ya Likoni, nikawaona wakiyafuta kwa kitambaa kimoja kilichokwisha kuwa cheupe, wakimhamisha mdudu kutoka tunda hadi tunda. Kutoka hapo nilikwenda Kizingo. Kule, wiki ya tatu, nilikuta ua wa hibiskasi unang'aa. Mtunza bustani alikuwa amepuliza dawa kwa amri ya mwenye nyumba, ambaye alichoka kuona maua yake yakichafuka kabla ya wageni kuja. Mkubwa wangu hakugomba. Alifungua daftari akapiga mstari juu ya Kizingo, akaandika tarehe na sababu. Nilisimama nyuma yake nikiutazama ule mstari.

Kisha nilikwenda Tudor. Mwalimu alikuwa mtu wa Rabai, mrefu, aliyefundisha kilimo shule za huko na huko mpaka akastaafu na kujenga karibu na wanawe. Alikuwa ameweka kiti katikati ya mipapai yake, na tangu siku ya kwanza aliniomba nimfundishe kuhesabu: jani moja la juu, moja la kati, moja la chini, kila mti. Alinunua daftari lake mwenyewe. Mipapai yake ilikuwa na hali mbaya kuliko wetu. Nilimuuliza kama hajisikii kuchoka.

"Nimengoja matokeo ya mitihani ya watoto wa watu maisha yangu yote," alisema. "Haya angalau yako mbele yangu nayaona."

Nilipanda kila mti wake kwa ngazi nikiwa na lenzi mkononi, nikitafuta ganda moja la kahawia lenye tundu. Sikuona. Nilirudi kesho yake, nikarudi kesho kutwa. Siku nyingine nilihesabu jani lilelile asubuhi na alasiri. Mkubwa wangu aliona hesabu mbili za tarehe moja, akaniambia taratibu kwamba nyigu hawaharakishi kwa sababu ya kutazamwa.

Wiki ya sita ikafika. Daktari alisema miwani itakuwa tayari Alhamisi, na mke wa jirani yetu, ambaye mumewe ni maalim wa chuo cha Qur'ani mtaani, akajitolea kumpeleka mamangu kuichukua. Jumatano yake nilisimama uani nikautazama mpapai. Majani ya chini yalikuwa meusi. Kilele kilikuwa kimejikunja kama ngumi. Kesho yake mamangu angerudi, angekaa dirishani, na jambo la kwanza ambalo angeliona kwa macho yake mapya ni uongo wa mwezi mzima.

Alhamisi walipokwisha kuondoka nilikwenda kwenye duka la dawa za mimea karibu na Marikiti, nikanunua chupa ndogo. Karatasi yake ilikuwa na maandishi yaliyosema mtu angoje siku kumi na nne kabla ya kuchuma tunda. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wakulima kuyasoma maandishi hayo. Nilichanganya dawa kwenye ndoo, nikapuliza kutoka chini, nikapanda nikapuliza kutoka dirishani, nikapuliza mara ya pili penye vikonyo. Nilingoja, nikapanguza waliokufa kwa kitambaa, nikakata majani yaliyokuwa meusi, nikafagia ua. Kichupa cha plastiki kilikuwa bado kimefungwa kwenye kikonyo, nikakiacha. Harufu ilikuwa imeingia mpaka ngazini. Nikawasha chetezo, nikatia udi mwingi kuliko tunaotia siku ya Idi, nikazunguka nao nyumba nzima.

Mamangu alirudi amevaa miwani yenye fremu ya kahawia. Alitazama mikono yake kwa muda, mbele na nyuma. Alitazama ufa wa darini, akasema huo haukuwako. Alinitazama mimi, akasema nimekonda na nimezeeka, na kwamba hakuna aliyemwambia. Kisha akaenda dirishani.

Alinyoosha mkono akashika jani, akaligeuza, akatazama chini yake. "Mashallah," alisema. "Nyigu wako ni watu wa kazi."

Nilidhani nitatulia baada ya hapo, nikazidi kuhangaika. Mamangu alitoka matembezini kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe, na kila alikokwenda alisimulia. Aliwasimulia wanawake kwenye maulidi, alimsimulia muuza mboga, alisimama barabarani Ndia Kuu akamsimulia mtu ambaye hata mpapai hana. Wanawake watatu walikuja nyumbani kuomba nyigu. Mmoja alileta mkebe wa kuwatilia. Nikawaambia zamu yao itafika, nikashuka chini nikasimama chooni mpaka waondoke.

Na zile papai mbili zilikuwa zikigeuka rangi. Mamangu alitaka kuzichuma. Nilimwambia bado hazijaiva. Akasema ana macho sasa, anaona. Nikamwambia tunazihitaji kwa vipimo, mpaka wiki ijayo. Akakubali, kwa sababu neno vipimo lilimpa heshima, lakini nilimwona akizitazama kila alipokaa. Kila asubuhi kabla ya kutoka nilizihesabu: mbili. Kila jioni nilianzia pale: mbili.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilikuwa Feri, katikati ya watu wanaoshuka, namwandika mchuuzi mmoja na shamba lake, simu ikalia.

"Leo utakula papai," alisema mamangu. "Nimeona vipimo vyenu haviishi. Moja nimekukatia, moja nimempelekea mama yake maalim, maskini, hali kitu kingine siku hizi."

Ningeweza kusema palepale. Nimelifikiria jambo hilo kuliko jambo lolote jingine la mwaka ule. Simu ilikuwa sikioni na maneno yalikuwa mawili tu: lina sumu. Badala yake nilisema, "Usile, naja," naye akacheka, akidhani ni uroho, akakata.

Nilipanda tuk-tuk. Watu walikuwa wakitoka kazini kuwahi sala ya Ijumaa na barabara imefunga, hatukwenda. Nikashuka, nikatembea kwa haraka, kisha nikakimbia, mtu mzima na begi la kazi linanipiga kiunoni, watu wananipisha wakidhani kuna msiba. Nilipiga simu mara mbili, haikupokelewa. Nilipopanda ngazi zetu, papai lilikuwa mezani limekatwa vipande, limekamuliwa ndimu, limefunikwa kawa. Mamangu alikuwa ameketi kando yake akiningoja. Hakuwa ameonja.

Nikasema, "Mama, mti ule nimeupulizia dawa. Tunda hilo lina sumu."

Hakuelewa mara ya kwanza. Aliuliza nyigu gani wenye sumu. Nikamwambia si nyigu, nyigu hawakufanya kitu, ni mimi, Alhamisi ile alipokwenda kuchukua miwani. Niliona uso wake ukilielewa jambo hilo polepole, kutoka machoni kushuka. Hakuniuliza kwa nini.

"Nenda kwa maalim," alisema.

Bibi yule, mama yake maalim, alikuwa kitandani na sahani kifuani. Alikwisha kula vipande viwili na cha tatu alikuwa nacho mkononi. Nilikichukua kutoka vidoleni mwake. Maalim mwenyewe alikuwa amerudi kutoka msikitini, amesimama mlangoni na kanzu yake, nami nikarudia maneno yaleyale mbele yake, nikamwonyesha chupa niliyoikimbilia nyumbani. Alisoma karatasi yake yote, mpaka maandishi madogo ya mwisho. Tulimchukua bibi hospitali katika gari la jirani. Nilimkabidhi daktari ile chupa, nikamweleza siku niliyopuliza na kipimo nilichochanganya, nikajiona namweleza vizuri, kwa utaratibu, kama ninavyoeleza kazini, na hilo likanitia haya kuliko yote.

Daktari alisema akae atazamwe. Tulikaa naye mchana wote. Kila alipokohoa nilisimama. Hakutapika, hakusokotwa na tumbo, mikono haikutetemeka. Alasiri alianza kulalamika kwamba ana kiu, na kwamba papai lake lilikuwa tamu na hajui kosa lake ni nini hata akanyang'anywa. Tuliruhusiwa kabla ya Magharibi. Maalim hakunikemea. Njiani alisema neno moja tu: "Mwanangu, ungalisema." Nalisikia mpaka leo kwa sauti yake.

Nyumbani mamangu alikuwa palepale mezani, na sahani haikuwapo. Alivua miwani akaiweka mbele yake.

"Nilikuuliza mara ngapi?"

"Kila siku, mama."

"Na kila siku ulikuwa wanijibu hivyo kwa kunionea huruma, au kwa vile huwezi kukaa na jambo likiwa halijesha?"

Niliitazama miwani iliyokuwa mezani.

"Mimi sikukutuma unifurahishe," alisema. "Nilikutuma unitazamie, kwa vile mimi sikuwa naona." Akainuka akaenda kutawadha.

Jumatatu nilimwambia mkubwa wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta daftari akauliza hesabu zipi za mti wetu ni za kweli. Nikamwambia zote. Na ilikuwa hivyo. Daftarini sikuandika uongo hata siku moja, tarakimu zilikuwa zikipanda wiki baada ya wiki, sawa na nilivyoziona. Alikaa akizipitia.

"Kwa hiyo daftari ulilistahi," alisema.

Alinipa kalamu nipige mstari mwenyewe na niandike sababu kwa mkono wangu. Niliandika: umepuliziwa dawa na mtafiti. Akaniondoa kwenye kuhesabu kwa miezi mitatu, akanirudisha kituoni kuosha vichupa na kufuga vidung'ata juu ya viazi vilivyochipua, ili nyigu wapate wa kutagia. Kabla sijatoka alisema kuna mtu mmoja ambaye sharti nimwambie mwenyewe. Mwalimu wa Tudor alikuwa amepata habari za mpapai wa Mji wa Kale uliotakata, na amempigia simu kuuliza kwa nini yake haitakati.

Nilikwenda siku ileile. Mwalimu alinisikiliza akiwa kwenye kiti chake, miguu ameinyoosha. Nilipomaliza aliinuka akaingia ndani, nikadhani ndio mwisho, amenipa mgongo. Akatoka na daftari lake.

"Niliwaza kununua dawa Jumamosi," alisema. "Nilisema, ikiwa mpapai wa yule binti umetakata, kwangu kuna kasoro. Halafu nikaona hivi."

Alinionyesha ukurasa. Kando ya tarakimu zake alikuwa amechora, kwa kalamu ya risasi, vidude vilivyovimba, na chini yake ameandika: kahawia, hawaendi. Jumapili saba. Jumatatu kumi na moja. Nilikuwa na lenzi mfukoni bado, sikuwa nimeirudisha. Tulikwenda kwenye mti wa nne, akaniinamishia jani la kati. Walikuwa pale kando ya mshipa mkubwa, maganda makavu ya rangi ya asali iliyoungua, na matatu kati yake yalikuwa na tundu la duara, safi, kama lililotobolewa kwa sindano.

Nilimuuliza kwa nini hakunipigia simu. Alisema alitaka kwanza aone kama wataongezeka, kwa maana alidhani nitakuja nimwambie ni kitu kingine. Nikakaa chini kwenye majani makavu nikalia, naye akaendelea kuhesabu mti wa tano ili nisione haya.

Kwetu, kama ilivyo kawaida baada ya dawa, vidung'ata walirudi, na walirudi wengi kuliko mwanzo, kwa sababu wa kuwazuia hakubaki. Mamangu aliwaona mwenyewe siku ya kwanza waliyotokea. Sikuambiwa. Nilimkuta amekaa dirishani na kikaratasi, anaandika. Dawa ilipokwisha nguvu, mkubwa wangu aliruhusu tujaribu tena, si kama utafiti, bali kama msaada kwa mtaa, na mwalimu akaja kutoka Tudor amebeba mfuko wa karatasi wenye majani yaliyojaa maganda ambayo nyigu walikuwa hawajayatoboa. Mamangu alimkaribisha kwa kahawa na halua. Walizungumza kwa adabu nyingi. Mwalimu alimweleza kwamba hata mwarobaini, mti anaouchemshia homa, haukuwa wetu, ulitoka Bara Hindi, na siku hizi unaisonga miti ya asili katika misitu ya pwani. Mamangu alisema hilo hakulijua, na kwamba kwa vile umri wake ni huo, ataendelea kuuchemsha huku akiuonea shaka. Kisha walitundika mfuko pamoja, yeye akielekeza kutoka dirishani, mwalimu juu ya ngazi. Mimi nilishika ngazi.

Mpapai wetu haukupona. Kilele kilioza, ukasimama mwezi mmoja kama fimbo, tukaukata. Lakini nyigu walikwisha kutoka. Mipapai ya nyuma ya chuo cha maalim ilianza kutoa majani safi, na baada yake mmoja wa nyumba ya pembeni, na mke wa maalim akaja kutuambia. Mamangu alimuuliza kama amegeuza majani akatazama chini. Akasema amegeuza. Mama yake maalim alifariki mwaka uliofuata, kwa uzee, na nilipokwenda kutoa mkono wa pole, maalim alinishika mkono kwa muda mrefu na wala hatukulitaja.

Nimerudishiwa kuhesabu. Wiki hii nimepelekwa Kizingo, kwa nyumba nyingine, ambako minazi imeingiwa na mdudu mwingine mweupe anayeruka ukitikisa kuti, na anayeacha masizi yaleyale juu ya magari yaliyoegeshwa chini. Mwenye nyumba ni mzee wa serikali aliyestaafu. Alinisimamisha langoni nikiwa nataka kuingia, nimekwisha kufungua begi, akaniuliza kama hicho tunachotaka kujaribu kwenye minazi yake kitafanya kazi.

"Sijui bado, mzee," nilimwambia.

Alinitazama kwa namna ya mtu aliyezoea kupewa majibu. Akauliza itachukua muda gani kujua. Nikamwambia hilo pia silijui, huenda miezi, na katika miezi hiyo minazi itazidi kuchafuka na hataruhusiwa kupuliza kitu. Alisema atazungumza na mkewe, nirudi kesho. Bawabu akafunga lango, nami nikabaki nje kwenye kivuli cha ukuta, begi liko wazi, na bado ilikuwa saa nne za asubuhi, kesho iko mbali.